Lincoln ya 1978: raha yake iko wapi, na ukinunua utajuta?

Swali la msomaji: "Shikamoo fundi. Mimi ni Mtanzania, nina miaka 41, naishi Houston, Texas. Kuna bibi mmoja mtaani kwetu anauza Lincoln Continental Town Car ya 1978 aliyoachiwa na marehemu mumewe. Ina injini ya lita 7.5, rangi ya krimu, na imelala gereji miaka minane bila kuwashwa. Tangu niione sipati usingizi. Mke wangu anasema nitafute Toyota kama yake, na rafiki zangu wananicheka. Tuna watoto wawili, wa miaka 9 na 6. Naomba ukweli: magari hayo yana raha gani hasa? Nikinunua nitajuta? Nina ndoto pia ya kulipeleka nyumbani Moshi siku moja."

Marahaba, mdogo wangu.

Nina miaka 26 ya ufundi wa magari huku Michigan, na kazi yangu kubwa imekuwa hayo hayo magari marefu ya Kimarekani ya miaka ya 1960 na 1970. Mimi mwenyewe ninayo Town Car ya 1979. Kwa hiyo usitegemee niungane na rafiki zako kukucheka. Lakini kabla sijajibu suala la kujuta, lazima nikueleze raha yenyewe inakaa wapi, kwa sababu anayenunua bila kulijua hilo huishia na gari ambalo raha yake ilishatoka zamani.

Tuanze na mwendo. Hiyo lita 7.5 mwaka 1978 ilitoa nguvu farasi 210. Camry ya 2020 ya silinda nne ina nguvu kama hizo kwa injini ya theluthi ya ukubwa huo, tena ni nyepesi. Mkisimama pamoja kwenye taa, shemeji na Toyota yake atakuacha bila jasho. Tofauti ni namna nguvu inavyokuja. Injini ile inavuta kwa uwezo wake wote ikiwa bado inazunguka polepole, karibu mizunguko 2,000 kwa dakika. Unagusa pedali kidogo tu, na gari la zaidi ya tani mbili linaondoka kama mashua iliyosukumwa kutoka ufukweni. Husikii kishindo wala kelele, unaona tu nguzo za umeme zimeanza kurudi nyuma. Ukifika maili 55 kwa saa injini haijafikisha hata hiyo mizunguko 2,000. Giaboksi yake ya gia tatu, ile iitwayo C6, inabadilisha gia na wewe unasikia injini inashusha pumzi tu.

Utulivu huo ulitengenezwa kwa makusudi. Mwaka 1956 Marekani ilipitisha sheria ya kujenga barabara kuu za kuunganisha majimbo, na watu wakazoea kusafiri mamia ya maili kwa siku moja. Wahandisi wa Lincoln, Cadillac na Imperial wakawa wanashindania jambo moja: mtu afike jioni na mwili wake usijue kuwa umesafiri. Ukilala chini ya gari hilo utaona walivyofanya. Bodi haikugusana na chesesi, imekalia mipira minene, na mtetemo wa barabara unafia pale. Springi ni ndefu na laini. Chini ya zulia kuna tabaka za lami na za nyuzi za kumeza sauti. Mwaka 1965 Ford, kampuni mama ya Lincoln, walithubutu kutangaza kwamba LTD yao, gari la mtu wa kawaida, lilikuwa kimya kuliko Rolls-Royce, na chesesi yao mpya ya mwaka ule ilikuwa na mchango mkubwa. Usukani nao unageuka kwa kidole kimoja. Waliozoea magari ya Kijerumani hulalamika kwamba haukuambii chochote kuhusu barabara, na ni kweli. Ulitengenezwa unyamaze.

Ukikaa kwenye kiti cha mbele utazama kama kwenye kochi, kisha kiti kitakupokea. Mbele yako boneti inakwenda, inakwenda, na mwisho wake imesimama ile nembo ya Lincoln. Nembo hiyo ina kazi. Ilinganishe na mstari wa pembeni wa upande wa kulia wa barabara, nawe utakuwa katikati ya njia yako. Nilifundishwa hivyo na mzee mmoja aliyekuwa dereva wa limuzini, na tangu siku hiyo sijaogopa tena kupitisha gari lenye upana wa mita mbili. Ukivuka kiungo cha daraja unasikia "tup" ya mbali, kama kitu kimeanguka kwa jirani. Gari linainuka, linashuka mara moja, linatulia. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia kwenye mashua ya babu, na sijakutana na kitu kingine cha nchi kavu kinachopanda wimbi namna hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo sikulitegemea nilipoanza: gari hilo linabadilisha tabia ya dereva. Huwezi kuchomekea, na huwezi kungoja hadi dakika ya mwisho ndipo ukanyage breki. Unaanza kuacha nafasi mbele yako, unawaruhusu watu waingie, kona unaichukua mapema na taratibu. Unafika umechelewa dakika nne na hujagombana na mtu. Nina wateja wanaofanya kazi ngumu, manesi wa zamu za usiku, madereva wa malori, na wengi huniambia kwamba ile nusu saa ya kurudi nyumbani ndani ya gari hilo ndiyo mapumziko yao.

Na wewe bahati imekukutanisha na mzee wa mwisho wa ukoo. Nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta mwezi Oktoba 1973, Marekani ilishtuka. Januari 1974 mwendo wa nchi nzima ukawekewa kikomo cha maili 55 kwa saa. Mwaka 1975 ikaja sheria iliyotaka magari ya kila kampuni, kuanzia yale ya 1978, yafikie wastani wa maili 18 kwa galoni. General Motors wakakata urefu wa Cadillac zao kubwa mwaka 1977. Lincoln wakang'ang'ana kwa miaka mitatu zaidi. Continental yao ya mita 5.92 ikabaki sedani ndefu kuliko zote zilizokuwa zikitengenezwa nchini, ukiacha limuzini. Yako ya 1978 ni ya mwaka wa mwisho kupewa lita 7.5. Yangu ya 1979 ina lita 6.6, na hapo nakuonea wivu kweli. Mwaka 1980 zote zikafyekwa, likaja gari dogo zaidi.

Sasa tuingie gereji ya huyo bibi.

Swali la kwanza muulize yeye, kwa heshima, mkiwa mmekaa: maji ya kimbunga Harvey, Agosti 2017, yaliingia gerejini? Watu wa Houston wanajua ninachosema. Kama yaliingia, mshukuru uondoke, hata kama gari linang'aa. Asipokumbuka, piga tochi chini ya dashibodi na kwenye reli za viti. Tope kavu na kutu kwenye reli vitakujibu kwa niaba yake.

Halafu paa. Gari langu la kwanza la aina hii lilikuwa Cadillac ya 1975, jekundu, na nilipoona rangi nikasahau ufundi wote. Wiki ya pili nikabonyeza vinili ya paa kwa dole gumba, karibu na kioo cha nyuma, chini pakalia kama kaukau. Nilipoichuna nikakuta bati limekuwa chujio. Aliyeniuzia alikuwa amebandika vinili mpya juu ya kutu, akajua, akanyamaza. Nilililipia gari hilo mwaka mzima na sikuliendesha hata mwezi. Kwa hiyo wewe bonyeza kila mahali, hasa chini ya vioo, kwa sababu maji yakipenya chini ya vinili hayatoki. Fungua buti, inua zulia, angalia tundu la tairi la akiba. Pita na sumaku chini ya milango na nyuma ya magurudumu. Isiponata, pamepigwa puti. Ingia uvunguni na nyundo ndogo, gonga chesesi pale inapopinda juu ya ekseli ya nyuma. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza. Texas mna unyevu, lakini hamna chumvi ya barabarani kama sisi wa huku, na hilo ni jambo kubwa kwa upande wako.

Injini usiiogope kama unavyoogopa kutu. Injini ya ukoo huo iliendelea kufungwa kwenye malori madogo ya Ford hadi miaka ya 1990, kwa hiyo vipuri vyake bado ni vingi na vya bei ya kawaida. Kisichopatikana ni vitu vya urembo: vifuniko vya taa, mapambo ya kromu, vioo vya taa za nyuma, kitambaa cha viti. Kromu na rangi nzuri vinaweza kula pesa kuliko bei ya gari zima. Ndiyo maana nasema nunua gari lililokamilika, hata kama halitembei, kuliko linalotembea huku nusu ya vitu vyake haipo.

Vifuniko vya taa za mbele vitakuambia mengi. Vinafungwa kwa mvuto wa hewa kutoka kwenye injini, na mvuto ukipotea springi inavifungua, ili usije ukabaki gizani. Gari lisilo na hitilafu likizimwa usiku, asubuhi bado limefumba macho. Ukikuta jicho moja limefumbuka nusu, kuna mpira unaovuja. Si ugonjwa wa kuua, ila unatumia siku nzima kuutafuta mpira wenyewe.

Usimruhusu mtu aliwashe ili kukufurahisha. Nimeona injini nzima zikiharibiwa kwa dakika mbili za furaha hiyo. Petroli ya miaka minane imegeuka gundi. Imwage yote, tangi lisafishwe, na ukifungua kabureta utakuta uji wa kahawia unaonuka kama rangi ya mlango. Mipira ya mafuta badilisha yote, kwa sababu ile ya zamani haikutengenezwa kwa petroli ya leo yenye ethanoli, inalainika halafu inavuja juu ya injini yenye moto. Ng'oa plagi nane, tia oili kidogo kila silinda, subiri hadi kesho yake, kisha zungusha kranki kwa mkono kwa spana ndefu. Ikizunguka bila kugoma, furahi. Mwaga oili ya zamani, weka mpya yenye zinki ya kutosha, maana kemu za injini hizo, yaani vinundu vinavyofungua valvu, zinasuguana moja kwa moja na vipande vinavyozisukuma valvu na oili nyingi za kisasa zimepunguzwa zinki. Gia ya taimingi ya wakati ule ilikuwa na meno ya nailoni. Baada ya miaka zaidi ya 40 meno hayo yanameguka na kuingia kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, yanaziba njia ya oili. Kama haijawahi kubadilishwa, weka ya chuma kabla ya safari yoyote ndefu.

Breki zifanyiwe kazi kabla gari halijasogea mita moja: mipira, maji ya breki, silinda za nyuma. Tairi soma tarakimu nne za mwisho zilizoandikwa ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka. Zikizidi miaka kumi zitupe, hata kama kashata zake ni nzima. Tairi za inchi 15 zenye ubavu mweupe bado zinatengenezwa.

Na usidanganywe na wale watakaokuambia "yote yanayumba hivyo". Bonyeza kona ya bampa kwa nguvu, achia. Gari linatakiwa lipande, lishuke, lisimame. Likiendelea kucheza, shokomzoba zimekufa. Magari mengi ya aina hii barabarani leo yanaendeshwa na shokomzoba zilizokufa na bushi zilizooza, na watu wanafikiri ndivyo yalivyozaliwa. Ukizibadilisha utapata gari jingine kabisa, laini bado, lakini linalosikia.

Mafuta nitakuambia bila kuficha. Tegemea maili 10 hadi 13 kwa galoni, yaani kilomita 4 hadi 5 na ushei kwa lita. Kwa safari za wikiendi unaweza kuvumilia. Kwa kwenda kazini kila siku kwenye foleni za Houston, hapana, na hata gari lenyewe halipendi. Bima tafuta ile ya magari ya kale, ambayo mnakubaliana thamani mapema na inaandikwa kwenye mkataba. Bima ya kawaida italihesabu kama chuma chakavu siku likigongwa. Kwa Texas, gari lililopita miaka 25 linaweza kupewa namba maalumu, na kuna za aina mbili: zile za "Antique" zinakubana kwenye maonyesho, gwaride na shughuli za namna hiyo, zile za "Classic" zinakuacha uendeshe kawaida. Chukua hizo za pili. Na kabla ya yote pima gereji yako kwa futi kamba. Mita 5.92 ni nyingi, na nimeshuhudia mtu akilipa pesa zake halafu mlango wa gereji ukakataa kufunga.

Kuhusu watoto sitakupamba. Mwaka 1978 viti vya nyuma vilikuwa na mkanda wa kiunoni tu, hakuna wa begani. Sheria ya Texas inataka mtoto wa chini ya miaka 8 ambaye hajafikia urefu wa futi 4 na inchi 9 akae kwenye kiti chake maalumu, na kile kiti cha kumwinua mtoto tu hakifai bila mkanda wa begani. Huyo wa miaka 6 anahitaji kiti chenye mikanda yake mwenyewe ya mabegani, kinachoruhusiwa kufungwa kwa mkanda wa kiunoni. Huyo wa miaka 9 ningemfungia mkanda wa begani kwa fundi anayejua kuushikisha kwenye chuma cha bodi. Gharama yake si kubwa. Mimi nilifanya hivyo kwenye langu kabla wajukuu hawajapanda hata mara moja. Shule na sokoni waende na Toyota ya mama yao. Kwa hilo shemeji ana haki, mwambie nimesema.

Ukikuta kutu au dalili za mafuriko na moyo bado unataka gari refu, ziko njia nyingine. Cadillac Fleetwood za 1994 hadi 1996 zina injini ya lita 5.7 yenye nguvu farasi 260, ni ndefu, ni tulivu, na zina mikanda ya begani nyuma. Town Car za 1991 hadi 1997 zenye lita 4.6 hazikosi vipuri, kwa sababu mashine yake ni ndugu wa Crown Victoria za polisi na teksi. Ila kaa mbali na Cadillac za 1982 hadi 1985 zenye injini ya lita 4.1, ambazo maji ya rejeta yalikuwa na tabia ya kuingia kwenye oili, na zile za dizeli za miaka hiyo. Viti vyake vitakushawishi sana. Kataa.

Moshi sasa. Ndoto hiyo naielewa, nami niliwahi kuiota ya Tanga. Lakini fikiria usukani uko kushoto, barabara yetu inapita kushoto, mbele yako kuna lori la saruji kupanda Same, na wewe ili uone kama njia ni nyeupe lazima utoe nje nusu ya gari la mita mbili. Abiria wako ndiye atakuwa anakuambia "pita" au "ngoja". Uzima wako una thamani kuliko picha ya siku moja. Wazee wakija kukutembelea Houston, wapokee nalo uwanja wa ndege. Masanduku ya wageni wa Kichaga yataenea kwenye buti lile, na nafasi itabaki.

Ukishalinunua na breki zikawa sawa, safari ya kwanza usiende kwenye barabara kuu. Chukua barabara ya 90A asubuhi ya Jumapili, pita Sugar Land, pita Rosenberg, uelekee Eagle Lake, mwendo wa maili 50 tu kwa saa. Shemeji akae mbele. Usimweleze chochote kuhusu injini. Fungeni vioo, washa kiyoyozi, na mkishapita Rosenberg, majumba yakiisha na mashamba yakianza, mwachie yeye usukani.